Nimepaka uzio wa bustani rangi nyeupe, wiki ya tatu bluu ya zamani na oili chafu vinarudi juu. Nifanyeje kabla ya sendofu?

#1 Parachichi_Hass (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Naomba ushauri kabla sijagombana na fundi.

Nilinunua nyumba hapa Njombe mjini mwaka 2021 kwa bwana mmoja aliyekuwa anahamia Dodoma. Mbele kuna bustani ndogo: parachichi tatu, waridi za mke wangu, na matuta ya chainizi. Imezungushiwa uzio wa mbao za paini, futi tano kwenda juu, mita 24 upande wa barabarani na mita 9 ubavuni kwa jirani. Nguzo ni milingoti.

Yule bwana alikuwa na ladha yake. Futi mbili za chini alizipaka oili chafu kuzuia mchwa, na juu akapiga rangi ya mafuta ya bluu, ile ya mitumbwi. Nimeivumilia miaka yote. Sasa Septemba tuna sendofu (sherehe ya kumuaga bibi harusi) ya mdogo wangu, picha zitapigwa bustanini, na mke wangu kasema bluu hiyo haiingii kwenye albamu ya ukoo wao.

Mwezi wa sita nikaita fundi. Akapitisha brashi ya waya kidogo, akafungua ndoo ya lita 20 ya rangi ya maji nyeupe ya nje, akapiga mikono miwili, nikamlipa, akaenda zake. Siku hiyo uzio uling'aa mpaka wapita njia wanasimama. Leo ni wiki ya tatu. Chini kuna madoa ya kahawia kama chai iliyomwagikia kitambaa cha meza, na kila siku yanapanda. Juu rangi inabanduka kama ganda la yai la kuchemsha, bluu inachungulia. Nikipitisha ukucha tu inatoka.

Nimempigia, anasema tuongeze mkono wa tatu, rangi ninunue mimi. Je, mkono wa tatu utafunika? Natanguliza shukrani.

#2 Siti_ya_Mbele

Nimeweka kiti hapa. Nina geti lenye ugonjwa huohuo.

#3 Kijana_wa_Makambako

Mkuu hilo dogo sana. Petroli lita tano, chovya tambara, futa kote chini. Petroli inakata oili fasta. Ikikauka piga rangi, maisha yaendelee.

#4 MamaPendo

Petroli lita tano kwenye mbao kavu, wakati wa upepo, na watu wanapika nje? Mtaani kwetu kijana aliosha injini ya pikipiki kwa petroli hatua chache kutoka kwenye jiko la mkaa. Nyusi zilichukua miezi kurudi, na alishukuru Mungu ni nyusi tu. Kaka Parachichi, ushauri mwingine tafadhali.

#5 Sabuni_ya_Mche

Mimi natengeneza sabuni hivyo hili ni eneo langu. Tumia kostiki soda. Kostiki ikikutana na mafuta inayageuza kuwa sabuni, unasuuza kwa maji, basi. Vaa glavu na miwani, na kumbuka unamwaga kostiki kwenye maji, si maji kwenye kostiki, itakurukia usoni. Sufuria ya alumini usiitumie.

#6 Fundi_Babu

Nimepaka rangi tangu enzi tunanunua rangi ya unga na kuchanganya wenyewe, kwa hiyo mnivumilie nikiandika kirefu.

Kwanza jibu fupi: mkono wa tatu hautafunika. Wala wa nne. Madoa hayaji kwa sababu rangi ni nyepesi. Yanakuja kwa sababu oili inasafiri. Mchana jua linapasha ubao, oili inakuwa laini, inapanda juu na kuingia ndani ya rangi. Rangi ya maji ina vitundu vidogo, inaipitisha kama chujio la chai. Ukiongeza mkono umeongeza safari kwa siku chache tu.

Pili, bwana Sabuni, unachosema ni kweli kwa mafuta ya mawese, nazi, au ya ng'ombe. Hayo yanageuka sabuni. Oili ya injini imetoka kwenye mafuta ghafi ya ardhini, ni ukoo mwingine kabisa, kostiki haiigeuzi kitu. Utaungua vidole na oili itakuangalia. Ila usiitupe kostiki yako, ina kazi hapa: rangi ya mafuta ya zamani, ile bluu, inalainika na kubanduka kwa kostiki kwa sababu kiungo chake kimetokana na mafuta ya mimea. Hata hivyo mimi siipendi kwenye paini. Inaufanya ubao uwe mweusi, na usiposuuza sana na kumalizia na siki, rangi mpya nayo itabanduka.

Tatu, kijana wa petroli. Hatari ya moto ameshaieleza Mama Pendo. Mimi naongeza hili: petroli inaifanya oili kuwa nyepesi, na oili nyepesi inazama ndani zaidi ya ubao. Unaona tambara jeusi unafurahi, kumbe nusu umeisukuma chini ukaiwekea akiba ya mwakani.

Sasa Parachichi, una wagonjwa wawili kwenye kitanda kimoja. Chini ni oili. Juu ni rangi ya maji iliyokalia rangi ya mafuta. Tiba zao tofauti. Kabla sijaandika dawa nifanyie vipimo vitatu:

Kimoja, chukua spiriti ya dukani na kitambaa cheupe, sugua ile bluu kwa nguvu. Kitambaa kikitoka na bluu, ni rangi ya maji. Kisipotoka kitu, ni ya mafuta.

Cha pili, pale juu ambapo nyeupe bado imeshika, chora alama ya X kwa wembe mpaka ubaoni, bandika selotepu, kandamiza vizuri, kisha ivute kwa mkupuo. Niambie imebeba nini.

Cha tatu, chini, kwangua nyeupe mahali pamoja, mwagia matone ya maji. Maji yakikaa kama shanga, oili bado ipo. Yakinywewa na ubao, tuna matumaini.

Na swali la mwisho: alipaka saa ngapi za siku?

#7 Mchongoma_wa_Limuru

Si upande tu michongoma mbele ya hiyo fence? Huku kwetu ndiyo ua, mwizi haingii na haipakwi rangi milele.

#8 Kijana_wa_Makambako

Michongoma mpaka ifike futi tano, bibi harusi atakuwa ameshaleta wajukuu.

#9 Parachichi_Hass

Majibu ya vipimo, Babu.

Bluu: nimesugua mpaka mkono umeuma, kitambaa kimetoka na vumbi tu. Ya mafuta basi.

Selotepu: imeondoka na nyeupe yote, kipande kizima, chenye umbo la selotepu. Bluu imebaki inameta kama jana.

Maji: chini kabisa yanakaa shanga. Karibu na mpaka wa bluu yananywewa polepole.

Saa za kupaka: alianza saa moja asubuhi, ukungu bado upo. Mkono wa pili alimaliza kama saa kumi na moja jioni akiwahi gari. Njombe mwezi wa sita mnaijua, asubuhi unakuta umande kama mvua imenyesha.

#10 Fundi_Babu

Hapo umejijibu mwenyewe. Nyeupe haikushika kitu. Bluu ya mafuta ni laini kama sahani, rangi ya maji haina pa kuuma. Halafu hii rangi ya maji si maji na unga tu. Ndani kuna chembe ndogo za plastiki ambazo maji yakikauka zinakaribiana na kuungana ziwe ngozi moja. Baridi ikishuka chini ya nyuzi 10 haziungani sawasawa, zinabaki kama mchanga uliobanana. Jioni ya Juni hapo kwenu na umande juu yake, hata ungekuwa ubao mpya ningekuwa na wasiwasi.

Habari njema ni kwamba bluu yenyewe imeshika. Usiikwangue yote mpaka ubao. Bluu iliyoshika ni msingi wa bure.

#11 Rola_na_Brashi

Na mimi ni fundi rangi, naomba nisimame upande wa mwenzangu ambaye hayupo kujitetea. Parachichi_Hass, aliposema bei ya kazi, hakukutajia kukwangua na kuosha?

#12 Parachichi_Hass

Mkuu umenikamata.

Alitaja. Alisema siku nne za kukwangua na kupiga msasa, siku mbili za kupaka, na akataka andakoti, ile rangi ya msingi. Mimi nikamwambia uzio wa bustani si sebule, apunguze, afanye siku mbili tu. Akapunguza. Andakoti nikasema haina haja kwa sababu kwenye ndoo ya rangi pameandikwa inafunika.

Sikuandika mwanzoni kwa sababu ya aibu.

#13 Rola_na_Brashi

Asante kwa ukweli. Wateja kumi, tisa wanalipia siku ya kupaka kwa sababu ndiyo inayoonekana. Siku ya msasa hawaioni. Ila na yeye alikosea, bora angekataa kazi kuliko kupaka kwenye umande.

#14 Siti_ya_Mbele

Uzi umeanza kunoga. Chai tafadhali.

#15 Mtanzania_Leeds

Niko Uingereza, kazi yangu ni kupaka nyumba na uzio. Huku uzio wa zamani wa bustani mwingi ulipakwa kriosoti, mafuta meusi yanayotokana na makaa ya mawe. Tangu 2003 mtu wa kawaida haruhusiwi kuinunua. Lakini mbao za zamani bado zinatoka jasho jeusi siku ya jua, miaka na miaka baadaye. Wateja wanakuja na kilio kama chako: nilipaka krimu nzuri, imekuwa na madoa ya chai.

Ninachowaambia: ama usubiri mwaka mzima au zaidi ikauke, ama upake rangi iliyokoza kuliko doa lenyewe. Doa la kahawia juu ya rangi nyeusi hakuna atakayeliona. Nyeupe juu ya oili ni kujitafutia kesi.

#16 Fundi_Babu

Bwana wa Leeds kanitoa neno mdomoni. Parachichi, angalia ukuta wa shule yoyote ya msingi hapo Njombe. Chini mkanda wa rangi nzito, juu rangi nyepesi. Unadhani waliweka kwa urembo? Matope yanarukia chini, watoto wanaegemea viatu chini, kwa hiyo chini panawekwa rangi isiyoonyesha. Wewe tayari una mkanda, oili imekuchorea. Ufanye uwe mkanda wa makusudi.

Kazi ni hii.

Juu, kwangua nyeupe yote kwa skrepa. Kwa vile haikushika, itatoka kwa siku moja. Kisha msasa namba 80 kwenye kingo za bluu iliyobanduka ili zisionekane kama ngazi, na namba 120 kote. Hutafuti ubao, unatafuta kuua mng'ao. Bluu ikipoteza kung'aa, inatosha. Futa vumbi kwa kitambaa chenye maji, acha ikauke, andakoti nyeupe ya mafuta mkono mmoja. Andakoti ndiyo inayofunika bluu, si rangi ya mwisho. Ikikauka siku moja nzima, msasa mwepesi, kisha rangi ya mafuta mikono miwili. Ukitaka kumaliza na rangi ya maji inawezekana juu ya andakoti, lakini kwa uzio wa mbao wenye jua na mvua ya huko, mimi naenda na ya mafuta.

Na tina ya kulainishia rangi uweke kidogo, kijiko si kikombe. Usitumie ile kali ya magari, inaikunja rangi ya chini mpaka inafanana na ngozi ya mzee kama mimi.

Chini ndiko kwenye kazi. Kwangua nyeupe. Osha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, sugua na brashi ngumu kufuata nyuzi za ubao, suuza. Rudia. Rudia tena. Baada ya kila kuosha, jua likiwa kali, paka uji wa udongo wa mfinyanzi mzito kama uji wa mgonjwa, uache ukauke. Udongo unakunywa oili jua linapoitoa. Unapukutika mweusi, unaubrashi, unarudia. Ukiona tone la maji halikai shanga tena, simama.

Hapo sasa mikono miwili ya rangi ya silva, ile ya alumini tunayopaka matenki na mageti. Hii si kwa urembo, itafunikwa. Ndani yake kuna vijiganda vya alumini vinavyolala kimoja juu ya kingine kama magamba ya samaki, oili ikitaka kupita inazunguka njia ndefu mpaka inachoka. Haiizuii milele, na ukiipaka juu ya oili mbichi itateleza tu. Ila juu ya ubao uliooshwa ndiyo kizuizi bora unachoweza kupata kwenye duka la kawaida. Juu yake rangi ya mafuta, nyeusi au kahawia nzito, mikono miwili.

Saa za kupaka: anza saa nne umande ukiisha, acha saa tisa. Hata fundi akikwambia gari linaondoka.

#17 Randa_Mkononi

Mimi seremala, nina swali la kijinga. Hizo mbao zimepakwa pande zote mbili?

#18 Parachichi_Hass

Barabarani ndani na nje zimepakwa. Zile mita 9 za ubavuni... ngoja nikaangalie kwa jirani.

#19 Parachichi_Hass

Nimerudi. Ubavuni upande wa jirani ni ubao mtupu! Umekuwa kijivu tu kwa jua. Yule bwana hakutaka kumpakia jirani bure.

#20 Randa_Mkononi

Basi geuza. Toa misumari, geuza ubao, gonga tena. Bluu na oili inamtazama jirani (muombe kwanza, mpelekee hata parachichi), wewe unabaki na ubao safi. Misumari ya zamani usiinyooshe, nunua mipya, na usigonge kwenye tundu lilelile. Paini ya zamani ikishakauka inapasuka mwishoni, toboa kwanza na drili ndogo. Ile kijivu ipige msasa mpaka uone ubao wa njano, maana rangi ikikalia nyuzi zilizokufa kwa jua inaondoka nazo. Vifundo vya paini vipake vanishi ya sheleki mikono miwili kabla ya andakoti, ile gundi ya wadudu tunayoyeyusha kwa spiriti kwenye samani. La sivyo utomvu utachora duara la njano kila penye kifundo.

Na ukigeuza, inua ubao inchi moja kutoka ardhini, weka kokoto chini. Mchwa hawapendi kujenga mahali panapoonekana, wanataka kufunikwa na udongo.

#21 MamaPendo

Mmeongea rangi vizuri, naomba niongee chainizi.

Rangi za mafuta za zamani, hasa za rangi kali kama njano, nyekundu, kijani, nyingi zilikuwa na madini ya risasi. Rangi ya bluu siwezi kuapa haina. Kikomo kinachopendekezwa na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, siku hizi ni sehemu 90 kwa milioni, lakini uzio huo hujui ulipakwa na nini. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Sasa wewe unataka kupiga msasa mkavu mita 24 juu ya matuta ya mboga?

Tandika turubai chini. Lowesha msasa kwa maji, vumbi lisiruke. Barakoa. Watoto wakae kwa bibi siku hizo. Vile vipande mlivyokwangua visiingie jikoni wala kwenye shimo la mbolea, vifunge kwenye kiroba. Nguo za kazi zioshwe peke yake.

Na ile oili chafu. Imetoka kwenye injini na uchafu wake wote, ina kemikali zinazohusishwa na saratani ya ngozi kwa anayezigusa mara kwa mara. Vaa glavu. Maji ya kuoshea yasielekezwe kwenye chainizi. Nikiwa mimi, matuta yaliyo karibu na uzio nayahamisha mita mbili na pale napanda maua.

#22 Kijana_wa_Makambako

Mama Pendo leo umetuua na kutufufua. Nafuta ushauri wangu wa petroli.

#23 Parachichi_Hass

Mama nimekuelewa. Mke wangu amesoma hapa begani kwangu, kasema waridi ndizo zinahamia kwenye uzio, chainizi zinarudi kati. Kumbe alikuwa anataka hivyo tangu mwaka jana.

Babu, rangi ninunue kiasi gani? Safari hii sitaki kukisia.

#24 Rola_na_Brashi

Nikusaidie hesabu. Kwa picha za sendofu unahitaji upande wa ndani tu kwanza, nje utafanya ukipumua. Mita 33 kwa futi tatu za juu, kama mita 0.9, ni takriban mita za mraba 30. Chini, futi mbili, takriban 20. Ubao wa msumeno usiopigwa randa unakunywa, lita moja hesabu mita za mraba 7, usidanganywe na 12 iliyoandikwa kwenye kopo, hiyo ni ya ukuta laini.

Juu: andakoti lita 4 na nusu, rangi lita 9 kwa mikono miwili. Chini: silva lita 6, nyeusi lita 6. Ukigeuza zile mita 9, chini ya hapo hakuna oili, silva punguza.

Na mwite yule fundi wako. Mlipe siku nne zake.

#25 Parachichi_Hass

Nimempigia. Alinyamaza kidogo kwenye simu, akasema "bosi, safari hii nachagua mimi msasa." Anaanza Jumatatu.

#26 Siti_ya_Mbele

Tusubiri mrejesho. Usitutoroke kama wengine humu.

#27 Parachichi_Hass

MREJESHO. Sikutoroka, tulikuwa na mambo mengi.

Kukwangua nyeupe kulichukua siku moja na nusu, kama Babu alivyosema ilitoka kwa mapande. Ubavuni tuligeuza mbao zote. Tatu zilipasuka kabla hatujakumbuka drili. Jirani alipelekewa parachichi ndoo moja na sasa anatazama bluu, anasema anaipenda, inamkumbusha Ziwa Nyasa. Kila mtu na ladha yake kweli.

Kuosha chini kulitutesa. Udongo tulipaka mara nne. Mara ya kwanza ulipukutika mweusi kama masizi, mara ya nne ulikuwa wa kahawia tu. Kwenye kona ya geti, pale bomba linapodondosha maji, ubao haukukauka kabisa na muda ulikuwa unakwisha, fundi akasema tusubiri siku mbili, mimi nikasema tupige. Mnajua sasa nani alisema tupige.

Juu tumeweka krimu, si nyeupe, mke wangu alibadilisha mawazo dukani. Chini nyeusi. Sendofu ilikuwa Jumamosi iliyopita. Picha zimetoka vizuri mno, gauni la bibi harusi limeonekana, waridi zimeonekana, na mjomba wa upande wa pili aliniuliza kama nimewahi kuwa mwalimu mkuu kwa sababu uzio unafanana na shule.

#28 Fundi_Babu

Mwalimu mkuu hongera. Niambie kona ya geti.

#29 Parachichi_Hass

Babu huachi kitu.

Silva imevimba malengelenge kama mita moja na nusu, na nyeusi juu yake imepasuka. Nimetoboa moja kwa sindano, kumetoka maji kidogo na harufu ileile ya gereji. Kwingine kote kumetulia. Kwenye mbao tulizogeuza kuna vifundo viwili vinatoa duara la njano, fundi anasema sheleki ilipakwa mkono mmoja badala ya miwili.

#30 Randa_Mkononi

Vifundo hivyo kwangua, sheleki mikono miwili, krimu ya juu, saa mbili umemaliza. Kona ya geti achana nayo mpaka utengeneze bomba kwanza.

#31 Fundi_Babu

Bomba kwanza. Halafu hiyo kona ikwangue yote, iache wazi ipigwe jua mpaka mvua zikaribie, Novemba huko. Nyeusi iliyobaki itakuficha, hakuna atakayejua zaidi yetu humu.

#32 Siti_ya_Mbele

Kwa hiyo geti langu la chuma nalipakaje?

#33 Rola_na_Brashi

Fungua uzi mwingine, weka picha. Na utuambie ukweli mapema, fundi alitaka siku ngapi?